Uani Jua Halijatua

Lori lilikuwa limeshatoka langoni Mwanakuu alipolifikia. Alikwenda nalo mbio, buibui limemshuka mabegani, akamtupia mumewe Faraj mikate ya mofa dirishani.

"Na vikuku vyangu vilivyo rehani?"

"Nikirudi kutoka Voi. Mara hii hatubanduki kwa tajiri mpaka atulipe."

"Idd kesho, Faraj. Na Ijumaa ni harusi ya mwanao. Sonara hangoji."

"Najua, mama, najua!"

Lori likashika njia ya bara. Mwanakuu alibaki kando ya barabara ya Makupa, kwenye kiza cha magharibi, akijipangusa vumbi. Nyuma yake, ndani ya ua wa malori, lilikuwa jua la alasiri, maana mle jua lilikuwa halitui.

Mambo hayo yalianza wakati wa vita. Abdulghafur, mwenye malori, aliagana na madereva wake kwa mdomo, kama walivyoagana wazee wao: mshahara ni wa mchana, alfajiri mpaka magharibi, ukipitisha magharibi una chako cha ziada, na ukiendesha siku ya Idd, walipwa mara mbili. Maagano yalikuwa mazuri. Kilichokosekana ni malipo. Zile saa alizowachukulia watu bure hazikuwa na pa kwenda, zikabaki uani, zikarundikana, mpaka jua likakosa nafasi ya kushukia. Likakwama juu ya bati la ghala, kimo cha minazi miwili.

Watu walizoea. Majirani walianika mbaazi mle hata mvua ikinyesha mji mzima. Kuku walihama wenyewe wapate kulala. Gunga, mlinzi, kila Ramadhani alitoka nje ya lango hatua moja, akafuturu tende yake gizani, kisha akarudi mchana kuendelea na kazi.

Abdulghafur hakulikwamisha jua kwa kusudi. Ila hakuwa mtu wa kuona kitu kimeanguka asikiokote. Aliona kwamba pasipo magharibi hapana ziada. Tena siku hugeuka magharibi. Jua lisipotua, kesho haiingii, na Idd nayo haiingii.

Faraj alirudi Idd pili. Mjini taa zimewashwa. Uani alilazimika kufinya macho. Alimchukua dereva mwenziwe, Fondo, wakaenda barazani kwa tajiri wao.

"Karibu, ndugu yangu Faraj. Hujambo? Nyumbani hawajambo? Bi Mwanakuu hajambo? Na bibi harusi wetu? Na shangazi yake, lile goti?"

"Hawajambo wote, na goti halijambo," akasema Faraj. "Tumekuja kwa haki yetu, shekhe. Saa zetu za ziada, na Idd."

"Idd ipi?"

"Hii ya jana!"

Abdulghafur alinyoosha kidole juu ya ghala. "Ile siku uliyoondoka ingali ipo, bwana. Umetoka mchana, umerudi mchana. Wataka nikulipe usiku gani?"

"Na wewe jana umesali Idd una joho jipya," akasema Fondo. "Hata mimi nisiyefunga, harufu ya pilau lako nimeipata."

"Nimesali mjini. Mjini jua limetua."

"Na mwezi wa kwanza tulipogoma?" Faraj aliuliza. "Siku zile zote ulitukata. Kama siku hapa hazipiti, ulikata nini?"

"Mligomea nje ya lango. Nje siku hupita."

"Basi tulipe kwa siku za nje!"

"Kazi yenu ni ya uani," akasema Abdulghafur, akawaagizia kahawa.

Jumatano Faraj alikwenda kwa miguu hadi Kizingo kumwita afisa wa Kizungu aliyehusika na mambo ya wafanyakazi. Afisa alikuja jioni kwa gari. Alitazama saa yake, akatazama jua, akaomba kiti kivulini. Alisikiliza pande zote mbili. Akasema maagano yametaja magharibi, hayakutaja saa ya mkononi, na yeye hana amri juu ya jua. Likitua, waje ofisini. Akanywa sharubati, akaondoka. Alipofika langoni aliwasha taa za gari.

Alhamisi Faraj hakungoja mtu. Alipanda juu ya ghala na ule mti mrefu wa kusukumia turubai, akauegemeza juani, akasukuma. Ncha ilitoa moshi. Viganja vilibabuka. Jua likashuka shubiri moja, likashuka tena, na vivuli vya malori vikarefuka mpaka vikafika lango. Chini, Gunga akaanza kutafuta kandili.

"Faraj," akaita Abdulghafur, kwa upole, "hiyo si kazi niliyokutuma. Muda huo sikulipi."

Basi hata muda ule haukulipwa. Ukaenda kujazana na wenziwe, na jua likapanda tena, likapita pale lilipokuwa.

Swabaha, binti yao, aliolewa Ijumaa kwa vikuku vya kuazima kwa shangazi yake Nabiha, akavirudisha baada ya fungate. Vya mamake sonara aliviuza kabla ya Idd ya Mfungo Tatu, ile ya kuchinja. Fondo alihamia malori ya Kilindini, ambako jua hutua kama kawaida. Ziada hakulipwa huko pia. Afisa alipewa uhamisho. Gunga alifia uani, ikabidi atolewe nje ya lango ndipo siku yake ikaisha, akazikwa. Abdulghafur alihiji, akaongeza malori mawili. Mbaazi za Makupa zilisifika kwa kukauka vizuri.

Faraj aliendelea kuendesha mpaka macho yakaharibika kwa mwangaza. Siku ya kuacha kazi Mwanakuu alimshika mkono hadi barazani, akadai chake chote tangu wakati wa vita. Abdulghafur aliwauliza hali ya nyumbani, mtu mmoja mmoja, na goti la shangazi, kisha akawaambia waje kesho.