Kizibao cha Mtu wa Mwisho

Nilijitakia mwenyewe. Tulipokusanyika penye lango la msitu Jumamosi asubuhi, wanafunzi tisa wa kigeni wenye mabuti ya kuazima, kiongozi wa msafara aliuliza nani amewahi kupanda mlima. Domo langu likatangulia. Nikasema kwetu milima naipanda tangu utotoni. Ukweli ni kwamba kwetu ni tambarare tupu, na kitu kirefu zaidi nilichowahi kupanda ni ngazi za maktaba ya chuo.

"Basi wewe utakuwa wa mwisho," akasema kiongozi, akanivisha kizibao chekundu. "Unatembea nyuma ya yule anayekwenda polepole kuliko wote. Usimpite mtu. Ukungu ukishuka sihesabu vichwa. Nikiona chekundu, najua nyuma hakuna aliyebaki."

Aliyekwenda polepole kuliko wote alikuwa dada. Si dada wa tumbo moja. Ni nesi wa miaka arobaini na mmoja aliyekuja kuongeza elimu, na katika chuo kizima ni sisi wawili tu tuliotoka nchi moja. Mwezi wangu wa kwanza nilipougua homa, alikaa kwenye kiti kando ya kitanda changu siku tatu, akininywesha maji kwa kijiko. Aliniita mdogo wangu mbele ya kila mtu. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeanza kumwonea haya: sauti yake kubwa, mfuko wa plastiki aliouvaa kichwani kujikinga na manyunyu, na jinsi wenzetu walivyotuweka fungu moja.

Humo msituni mawingu hayako juu yako, unatembea ndani yake. Kuvumwani, ile inayofanana na ndevu za mzee, imening'inia kwenye kila tawi, majani yanadondosha maji na mvua hainyeshi, na mtu akikuacha hatua kumi humwoni tena. Dada alipanda, akasimama, akashika goti, akapanda. Huko mbele nilisikia wenzangu wakicheka, wamekaribia kileleni.

"Dada, jikaze kidogo basi."

"Najikaza, mdogo wangu. Goti ndilo halitaki."

Akaketi kwenye gogo kufunga kamba za buti. Nikampita bila kumwambia neno. Nilijiambia njia ni moja, atafika tu.

Kileleni nikapigwa picha, meno yote nje. Kiongozi akakiona kizibao, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaanza kututeremsha kwa njia ya upande wa pili. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikawa nahesabu hatua, najidanganya kwamba nikigeuka nitamwona anakuja. Zilipopita mia mbili ndipo nikasema, "Dada hayupo."

Kiongozi hakunigombeza. Alituambia tusisogee hata kidogo, akatoa filimbi, akarudi juu mbio. Tuliketi kwenye matope saa nzima tukisikiliza filimbi.

Alimkuta palepale kwenye gogo, sauti imemkauka kwa kuita.

"Nilimwambia atangulie," dada akasema mbele ya wote walipotufikia. "Nilitaka kujisaidia."

Nikainamisha kichwa, nikauacha uongo ule unifunike kama blanketi.

Kesho yake asubuhi, nje ya kibanda tulicholala, kabla ya kupanda kilele cha pili, kiongozi alishika kile kizibao akitutazama mmoja mmoja.

"Mpe huyohuyo," dada akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke. Uso wangu sikujua pa kuuweka.

"Hakuniambia nitangulie," nikasema, wote wakasikia. "Niliona ananichelewesha, nikamwacha."

Kiongozi akampa kizibao mtu mwingine. Mwenzetu mmoja akanipiga bega akasema kukiri kunataka moyo, nami, mjinga wa kutupwa, nikajisikia mwepesi. Wengine wakamzunguka dada. Wakamshika mikono, wakamwambia pole, pole sana, kwa ile sauti ya kumwambia mtoto aliyesahauliwa shuleni. Yeye alitabasamu mpaka walipoondoka.

Kisha akanigeukia, akasema kwa lugha yetu, ambayo pale hakuna mwingine aliyeielewa.

"Ulidhani jana nilikuficha wewe?"

Nikainama kukaza kamba za buti zangu.

"Nilijificha mimi. Sikutaka hawa wajue kwamba mtu wangu wa pekee huku ameniacha msituni. Kama ulitaka kutua mzigo, si ungekuja kwangu kwanza? Mimi ndiye niliyeachwa, si wao. Sasa wewe unapigwa bega, mimi naonewa huruma."

"Nisamehe, dada."

Wenzetu walikuwa wameanza kupanda. Yule mwenye kizibao alikuwa amesimama kando, anatungoja.

"Tangulia," dada akasema. "Leo ndiyo nimekwambia."

Nikatangulia.