Mwenyewe Akiwamo

Klabu yetu ya kuimba ilikuwa chumba cha nyuma cha baa moja karibu na bandari ya Arbroath, kikinuka bia, makoti yaliyolowa na samaki wa moshi. Kila Alhamisi jioni tulijazana humo, walimu, mabaharia, wasichana wa viwandani, kila mmoja ameamka ghafla na kugundua kwamba bibi yake alikuwa na nyimbo. Vijana wa siku hizi wananiuliza, "Mlikuwa na vipaza sauti?" Vipaza sauti vya nini! Tulikuwa na makoo.

Sheria zilikuwa chache. Mtu akiimba, hakuna kuagiza bia. Kiitikio ni cha wote. Na ile kubwa, ambayo haikuandikwa popote: wimbo una mwenyewe. Aliyeuleta klabuni ndiye mwenyewe, na akiwamo chumbani huugusi, hata kama unaujua kuliko yeye. Akiingia umeshaanza, unanyamaza, unainuka, unampisha kiti. Mwenyekiti wetu, Dod Beattie, aliwahi kumkatiza mwalimu wake mwenyewe wa shule. "Shuka, mzee, mwenye mali kafika."

Effie Swankie alikuwa shoga yangu tangu tukiwa na miaka mitano. Sauti yake haikuwa nzuri. Nasema kweli, naye alijua. Nzuri ilikuwa yangu, na hilo nililijua mno. Lakini Effie alikuwa na wimbo wa mama yake. Mama huyo alikuwa mpasua samaki, akifuata boti za heringi kutoka bandari moja hadi nyingine, vidole amevifunga vitambaa ili chumvi isimle kwenye majeraha. Wimbo aliuimba kwenye mapipa, na hakuna mwingine aliyeujua. Mama alipokufa, Effie alikuwa na miaka kumi na tisa, na hakurithi hata picha. Alirithi wimbo.

*Chumvi kidoleni, chumvi machoni,*
*nani ajuaye ipi ya bahari?*

Aliuimba amefumba macho, vidole vikienda mapajani kana kwamba vinapasua samaki. Dod, jitu zima lile, alikuwa akilia bila kujificha.

Basi Alhamisi moja ya mwaka sitini na nne akaja bwana mmoja kutoka Edinburgh na mashine ya kurekodi. Alitafuta nyimbo za kutia kwenye santuri, na alikuwa amesikia sifa za wimbo wa mapipa. Effie alikuwa zamu, kwenye kiwanda cha turubai.

"Tumsubiri," Dod akasema.

"Mimi nitasubiri," yule bwana akajibu, "treni haitasubiri."

Nikasema, "Mimi naujua."

Dod akanikazia macho. "Wilma. Wimbo una mwenyewe."

"Yumo chumbani? Hayumo. Sheria si yako hiyohiyo?"

Watu wakacheka, nami nikakaa kitini.

Nilikuwa ubeti wa tatu mlango ulipofunguka. Effie alikuwa amekimbia njia nzima, anahema, nywele zimejaa nyuzi za kiwandani. Nilimwona. Kwa miaka kumi nilidai sikumwona, hadi uongo wenyewe ukanichosha. Dod akakohoa. Akakohoa tena kwa nguvu. Nilitakiwa kunyamaza, kuinuka, kumpisha kiti. Nikafumba macho nikaendelea, beti zote saba, kwa sababu mashine ilikuwa ikizunguka, na kwa sababu nilikuwa naimba vizuri. Huo ndio ukweli, sina wa kumsingizia.

Effie alipiga makofi pamoja na wengine. "Umeimba kuliko mimi, shoga," akasema. Hakikuwa kijembe. Laiti kingekuwa kijembe!

"Kaa, Effie, uimbe wako," Dod akamwambia.

"Wangu upi?" akauliza, akaenda kuning'iniza koti lake.

Santuri ikatoka na jina langu. Glasgow, Aberdeen, kila nilipokwenda, watu waliuita wimbo wa Wilma. Effie hakuacha kuja Alhamisi. Alikaa nyuma, akaitikia viitikio vyote isipokuwa kile kimoja, na wimbo ule hakuuimba tena, si klabuni, si jikoni kwake. Sikumwomba radhi. Nilisema nitamwomba mwakani, na mwakani ikawa miaka sitini. Dod akafa, baa ikageuzwa mkahawa. Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi hata kuinama sikuinama.

Majuzi binti yake, Isobel, akanipigia simu. Effie alikuwa kwenye nyumba ya wazee, kumbukumbu zinamtoka. "Lakini nyimbo bado anazo, shangazi. Njoo umwimbie."

Nilipanda basi nikiwa na shauri moja tu moyoni: kuurudisha wimbo. Nitaanza mstari wa kwanza, yeye ataushika, nami nitanyamaza na kuinuka, kama nilivyotakiwa siku ile.

Nilimkuta dirishani, blanketi magotini, chai imempoa.

"Wilma Petrie! Bado unavaa kofia mbaya hivyo?"

Nilicheka huku machozi yananilenga.

"Dod anakuja?" akauliza.

"Dod alikufa, Effie."

"Aa. Ndiyo maana anachelewa."

Tuliimba nyimbo za mabaharia, za viwandani, za wachuma matunda. Hakukosea neno. Ndipo nikaanza: *Chumvi kidoleni, chumvi machoni.* Nikakatiza hapo, nikainuka, nikamngoja.

Naye akaningoja, mikono mapajani.

"Mbona umesimama? Endelea."

"Nishikie, Effie. Imba wewe."

"Thubutu! Wimbo una mwenyewe, na mwenyewe yumo chumbani. Unataka Dod anitukane?"

"Effie, mwenyewe ni wewe. Niliuchukua, nisamehe. Ni wimbo wa mama yako. Aliuimba kwenye mapipa."

Alinitazama kwa huruma, ile huruma ya kumtazama mtu anayeanza kupoteza akili.

"Mama yangu?" akasema taratibu. "Mama hakuwa akiimba, mpenzi. Mama alikuwa akipasua samaki."

Roho iliniuma hata leo siwezi kueleza. Akanivuta mkono nikakaa.

"Imba, Wilma. Nyie mnaojua kuimba mna maringo, loo!"

Nikaimba. Effie alifumba macho akasikiliza vizuri, kama tulivyofundishwa, na juu ya blanketi vidole vyake vikaanza kupasua samaki. Kwenye kiitikio hakutia sauti. Niliimba beti zote saba, na muda wote nilitazama mlango, na hakuna aliyeingia nimpishe kiti.