Wote Walivuka kwa Jina la Elie

Wema hauozi, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kuunganisha seva mbili. Elie, fundi wa kompyuta, aliziunganisha. Ndiyo maana asubuhi ile alikuwa amesimama katika ofisi ya depo ya madini, kule Kikula, shati limemganda mgongoni, na nje ya geti wachimbaji wakilitaja jina lake kwa hasira.

Kisa chao kilikuwa wazi. Mawe yao yalipimwa katika maabara ya depo hiyohiyo, upande wa Shituru, wakatangaziwa teneur nzuri, yaani kiwango cha shaba, ambacho ndicho huamua bei. Walipokuja kuuza, wakakuta kiwango kimeshuka. Mtu alikuwa ameingia katika seva ya Shituru akakibadilisha. Colette, meneja wa depo, aliiuliza seva ni nani huyo, nayo ikajibu bila haya: Elie.

Ricky, kaka wa mkewe Elie, ndiye aliyetumwa na wachimbaji wenzake kuwasemea. Aliingia ofisini bila salamu, na hilo lilimuuma Elie kuliko kelele za nje. Colette alikuwa ameshika simu, tayari kuita polisi.

"Beau, sema kweli," Ricky alimwambia shemeji yake. "Ni weye?"

"Hapana. Si minye."

"Alafu ile jina?"

Hapo Elie akaanza kuelewa. Siku alipoziunganisha seva zile, ilitakiwa kila karani wa Kikula aombewe ruhusa yake ya kuingia seva ya Shituru kwa wakubwa wa Lubumbashi, na maombi yakifika kwa wakubwa hao hulala usingizi wa pono. Makarani wakamlilia. Basi akafanya kama watu wafanyavyo kwenye geti la Shituru, ambapo mgeni hupita kwa kusema yeye ni mtu wa fulani. Aliiagiza seva ya Kikula kwamba yeyote atakayevuka kwenda Shituru avuke kwa jina la Elie na neno la siri la Elie. Na kule, jina hilo lilikuwa na uwezo wa kubadilisha chochote. Walimshukuru sana, wakamnunulia hata soda, na yeye mjinga akainywa.

Alimwomba Colette aketi kwenye kompyuta, aingie kwa jina lake mwenyewe, kisha aiulize seva ya Shituru inamwona kama nani. Colette akaandika. Ricky aliinama nyuma yake. Kwenye kioo likatokea neno moja: Elie.

Colette akarudia. Likaja lilelile. Akaiweka simu mezani, akasema taratibu kwamba polisi hawana kazi hapa.

Elie nusura alie kwa furaha. Amepona. Akamgeukia shemeji yake, akitarajia mkono. Ricky hakuutoa.

"Basi ni nani alishusha teneur yetu?"

"Muntu moja ya hapa ndani."

"Nani?"

"Sijui, beau. Seva ya kule haikuona muntu mwingine. Iliona minye tu. Na ya hapa haikuandika nani alivuka."

"Hata kesho haitajua?"

"Hata kesho."

Ricky alikiacha kioo, akamgeukia Elie. Alipoongea, sauti yake haikuwa na hasira tena, na Elie angependa iwe nayo.

"Mwizi iko hapa, na weye njo ulimufunika bulangeti. Afazali ingekuwa weye, beau. Tungejua muntu ya kuuliza."

Colette alipendekeza wachimbaji waambiwe kwamba mashine iliharibika. Lilikuwa neno jepesi, na Elie alilitamani kweli. Lakini alivuta kiti, akaifunga ile njia aliyoifungua kwa jina lake, kisha akatoka peke yake kuelekea getini. Ricky hakumfuata. Akawaambia wachimbaji kwamba mwizi wao hatapatikana kamwe, na kwamba sababu ni yeye.