Chapa ya Batula

Buti la askari lilipasua dumu la kwanza, na maziwa ya ngamia yakamwagikia miguu ya Batula yakiwa bado na uvuguvugu wa gari lililotoka Bura. Dumu la pili askari alilipindua kwa mkono. Fosia, mwenzake Batula ambaye hakujua kunyamaza tangu azaliwe, alilikumbatia la tatu, na rungu likamshukia kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ulivunjika kama kuni kavu, na kila aliyekuwa pale barabarani aliusikia.

"Usibige!" Batula alipaza sauti kwa Kiswahili chake cha sokoni, ambacho p yake hutoka b. "Hii ni chakula ya watoto!"

"Kwani nimekataa ni chakula, mama?" askari akasema huku akihema. Alikuwa kijana mnene wa kutoka mbali, na kwa kuwa wanawake hawakulijua jina lake, walimwita Buti. "Biashara yenu imesajiliwa? Haijasajiliwa. Soko jipya lina vibanda na friji, na ni vya waliosajiliwa. Nikikuta mtu hapa tena, sitapiga mkono."

Hakusema angepiga wapi. Alipoondoka, mbuzi wa mjini wakaja kuramba lami.

Alasiri Batula akaenda kwa Ogle pamoja na wenzake wawili, Fosia aliyefungwa mkono kwa kitambaa na Raho mkimya. Ogle aliwasajilia watu biashara kwa kompyuta katika chumba kilichokuwa nyuma ya msikiti. Kwa miaka mingi wanawake hao watatu walikuwa wakipeana zamu: leo mmoja anauza maziwa ya wote na wawili wanabaki na watoto, kesho wanabadilishana. Hakuna aliyewahi kumwibia mwenzake hata kikombe.

"Kuna njia tatu, eeddo," Ogle alimwambia Batula, akimwita shangazi kwa heshima. "Biashara ya mtu mmoja, ubia, au kampuni. Nyinyi mko kwa ubia siku nyingi, ni karatasi tu hamkuwa nayo. Nipeni vitambulisho."

Wakatazamana. Mwaka wa ukame, Batula akiwa mtoto, mama yake alimpeleka kwenye kambi ya wakimbizi, akabonyezwa vidole kwenye mashine ili wapate unga. Tangu siku hiyo vidole vyake ni vya mkimbizi, na mkimbizi hapewi kitambulisho cha raia, ingawa kitovu chake kilizikwa Kotile, humu humu nchini. Ya Fosia yalikuwa hayo hayo. Raho naye, alipokuwa msichana, aliambiwa na ofisi ya vitambulisho arudi wiki ijayo. Sasa ana wajukuu, na wiki hiyo bado haijafika.

"Basi tafuteni mtu mwenye kitambulisho," Ogle akasema.

Aliyepatikana ni Abdilatif, ndugu wa marehemu mume wa Batula, dalali wa ngamia, mtu wa maneno matamu. Aliweka kitambulisho chake mezani kama anayetoa sadaka.

"Kitambulisho kimoja hakifanyi ubia, adeer," Ogle akamwambia, akimwita ami kwa heshima. "Itabidi iwe biashara ya mtu mmoja. Na kisheria huyo mtu..."

"Andika," Abdilatif akamkata. "Wewe ndiye wa kuufundisha ukoo wangu kuishi?"

Ogle akainamisha kichwa. "Jina la biashara?"

"Maziwa ya Batula."

Batula alisikia jina lake likitamkwa mbele ya mashine ya serikali, na moyo wake ukatulia kabisa. Kwao ngamia hutiwa chapa ya moto. Hata akipotelea Wajir, hata akizaa huko, atarudi kwa mwenye chapa, na hakuna mzee wala kadhi wa kubisha. Aliwaza kwamba biashara nayo imetiwa chapa yake.

"Sasa ni yetu," alimnong'oneza Fosia, na Abdilatif aliyemsikia akatabasamu tu.

Kibanda kikapatikana, na juu ya mlango kikapigiliwa kibao cha buluu: MAZIWA YA BATULA. Mwenyewe hakujua kusoma, lakini alilijua umbo la jina lake, na kila asubuhi alilitazama kabla ya kufungua. Wateja walimjua. Hata Buti alikuja kunywa chai ya maziwa pale, bila haya, na akahudumiwa.

Ndipo Abdilatif alipodai kumrithi. Mjane wa ndugu ni wa ndugu, alisema, ndiyo desturi, na wazee wamekwisha kubali.

"Mimi sijakubali," Batula akasema. "Nimeolewa mara moja, imetosha."

Abdilatif alimpiga fimbo ya kuswagia ngamia, mdomoni, mbele ya wateja. Jino likadondokea kwenye sufuria ya maziwa, na Fosia akaliopoa kwa upawa. Wateja wakaangalia chini. Hayo ni mambo ya ukoo, na mambo ya ukoo hayaingiliwi.

Kesho yake mlangoni palikuwa na kufuli jipya. Batula hakuuliza mtu. Aliokota jiwe, akalipiga kufuli mpaka likaachia, mikono yake ikichuruzika damu. Alikuwa ameshika mlango Abdilatif alipofika na Buti.

"Amevunja duka langu," Abdilatif akasema kwa Kiswahili.

"Duka yako?" Batula akanyoosha kidole juu. "Wewe Buti umesoma! Soma hiyo! Batula ni nani? Ni mimi! Chaba ni yangu!"

Buti akasoma kibao kwa sauti, kisha akaitazama simu aliyonyooshewa na Abdilatif, yenye cheti cha usajili. "Hilo ni jina tu, mama. Mwenye biashara ni huyu. Hata wangeandika Maziwa ya Malaika, malaika hangekuja kudai."

"Chaba yangu!"

"Unataka chapa?" Buti akacheka. "Ngoja nikupe."

Safari hii kweli hakupiga mkono. Rungu la kwanza lilimpata begani, la pili gotini, na alipoanguka likamfuata kichwani. Raho, yule mkimya, ndiye aliyepiga mayowe. Fosia aliinua mkono wake uliounga vibaya, Buti akamgeukia, naye akaushusha.

Batula alilala chini ya kibao, mdomo umejaa vumbi na damu, vidole vyake vikiwa bado kizingitini. Abdilatif alivisukuma kwa kiatu ili mlango ufunguke. Akaingia, akajifunga aproni yake Batula, akafunua maziwa.

Mama mmoja mgeni akasimama nje na kopo mkononi.

"Samahani, hapa ndipo kwa Batula?"

"Ndipo hapa, mama. Karibu."

Mama akainua baibui lake lisiguse damu, akamvuka, akanyoosha kopo.