Hodi ya Bi Mkubwa

Ilikuwa Jumanne, saa mbili na robo asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika muda mfupi uliopita, na uwanja wa malori ulikuwa umejaa madimbwi yenye utando wa dizeli. Mkongwe alikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya msimamizi, kofia magotini, akimtazama shemeji yake akipanda gari ambalo kwa miaka kumi na tisa lilikuwa lake.

Alipanda vizuri. Hilo ndilo lililomuuma. Hakuning'inia mlangoni kama wanagenzi wengine. Alishika vishikio viwili, akatanguliza mguu wa kushoto, akaingia kama mtu aingiaye chumbani mwake. Mkongwe ndiye aliyemfundisha kupanda hivyo.

Gari hilo liliitwa Bi Mkubwa. Jina lilitoka nyumbani. Mwaka wa kwanza wa ndoa, mkewe Mkongwe alipiga hesabu akagundua kuwa mumewe alilala siku ishirini na tatu za mwezi kwenye kitanda cha nyuma ya usukani, na saba tu kwenye kitanda chao. "Basi tuelewane," alisema. "Yule ndiye bi mkubwa. Mimi nimeolewa wa pili." Madereva walilisikia, wakalipenda, na jina likaandikwa juu ya kioo cha mbele kwa rangi nyekundu.

Wiki sita kabla ya Jumanne hiyo, daktari alimulika jicho la kushoto la Mkongwe, akamwambia kuwa lina mtoto wa jicho. Hangeendesha tena safari ndefu mpaka afanyiwe upasuaji, na foleni ya upasuaji ilikuwa ya miezi mitatu. Msimamizi alimweka uwanjani kuwa mkufunzi, akamwahidi jambo moja.

"Ukipona, na Bi Mkubwa akiwa bado hana mtu, ni wako. Akiwa amepata mtu aliyemzoea, nitakutafutia jingine."

Hapo ndipo roho ya Mkongwe ilipoanza kufanya kazi ya ziada. Kila dereva aliyeshindwa kulimudu gari lile alikuwa anamtunzia nafasi yake. Wa kwanza alishindwana na gia, akaomba kuhamishwa ndani ya wiki moja. Mkongwe alimpa pole kwa uso wa msiba huku moyoni akipiga vigelegele.

Wa pili alikuwa huyu shemeji, mdogo wa mkewe, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja ambaye kwa miaka sita alikuwa akisambaza mikate mjini kwa gari dogo. Alikuwa amesafiri na Mkongwe safari nne kama mwanagenzi, kabla ya jicho kumweka mwalimu wake kando. Aliishi kwao, katika chumba cha mbele. Leo angeondoka peke yake kwa mara ya kwanza, siku nne kwenda na nne kurudi. Akifika salama, Bi Mkubwa angekuwa wake.

Siku yenyewe ilianza vibaya jikoni. Chupa ya chai, ile ya bluu yenye mkanda wa kuning'iniza, ilikuwa mezani, imekwisha kujazwa.

"Hiyo ni chupa yangu," Mkongwe alisema.

"Ni chupa ya safari," mkewe alijibu bila kugeuka. "Wewe leo unasafiri kwenda wapi? Kwenye benchi?"

Kicheko kilimponyoka shemeji, akakizuia kwa kiganja. "Dada, mwache shemeji yangu. Nitachukua ile ndogo."

"Ile ndogo inavuja. Utafika na chai kwenye soksi."

"Mimi nimeendesha miaka kumi na tisa," alisema Mkongwe, "na hakuna aliyewahi kuniuliza kama chai imefika."

"Nilikuuliza, mume wangu. Ulikuwa unanijibu habari za gia ya nne." Mkewe alifunga kifuniko, akamtazama sawasawa. "Daktari amesema una mtoto wa jicho. Mimi nimemwona na pacha wake. Anaitwa kijicho."

Mkongwe alitoka bila kunywa chai. Hakujua kwamba, dakika chache baadaye, shemeji aliirudisha chupa kabatini kimyakimya, akaondoka mikono mitupu.

Lakini chupa ilikuwa jambo dogo. Jambo kubwa lilikuwa kwenye fomu.

Nyuma ya kichwa cha lori kuna sahani nzito ya chuma, na ndani yake mna taya zinazokamata pini ya tela. Dereva hurudi nyuma taratibu mpaka pini iingie, taya zijifunge, na mkono wa kufuli ujivute ndani. Kwenye magari mengine, mkono ukishaingia kazi imekwisha. Bi Mkubwa alikuwa na ulaghai wake. Springi ya kufuli ilikuwa imechoka. Mkono uliingia wote, mtu akaridhika, kumbe taya zilikuwa zimeshika nusu. Angelivuta tela kwenye uwanja tambarare bila kinyongo, kisha kwenye tuta la kwanza angelibwaga.

Mkongwe aligundua ubovu huo miaka miwili iliyopita, na hakumwambia fundi. Alihofia gari lingewekwa gereji, naye apewe jingine. Badala yake alibuni dawa yake. Kila alipounga tela, aliinama, akaugonga mkono wa kufuli mara mbili kwa nyundo ya mpira, akasema, "Hodi, Bi Mkubwa." Taya zilipomalizia kujifunga zilitoa mlio mmoja mkavu: tak. Ndipo alipoitikia mwenyewe, "Karibu." Madereva walivunjika mbavu. Walidhani mzee ameingiwa na wazimu wa mapenzi, naye aliwaacha wadhani hivyo.

Ijumaa iliyopita alijaza fomu ya makabidhiano. Ilikuwa na vipengele kumi na saba. Aliandika kwa uaminifu kuhusu honi, kuhusu waipa ya kulia inayochelewa, kuhusu gia ya nne inayotaka kubembelezwa. Alipofika kipengele cha kumi na moja, "Kufuli la tela," kalamu ilisimama. Alijiambia kuwa tela lingeangukia hapa hapa uwanjani, kwenye tuta la getini, kwa mwendo wa kobe. Hakuna ambaye angeumia. Ingekuwa aibu tu, aibu ya asubuhi moja, na shemeji angerudi kwenye mikate yake. Aliandika, "Halina tatizo," akatia sahihi.

Sasa aliketi kwenye benchi akingoja.

Shemeji alianza kurudi nyuma. Hapo wengi huumbuka, kwa sababu pini ya tela haisamehe: ukipinda kidogo tu, taya zinaipita pembeni. Bi Mkubwa alirudi kwa mstari ulionyooka kama uzi wa fundi cherehani. Fundi wa gereji, aliyekuwa akijaza upepo matairi, alinyanyua kidole gumba. Mkongwe aligeukia ukuta, akasoma tangazo la kuzima moto alilokwisha kulisoma mara mia.

Shemeji alishuka, akazunguka upande wa pili, uliko mkono wa kufuli. Tela lilimficha. Kompresa ya gereji ilinguruma kiasi kwamba mtu hangesikia hata jina lake. Alipotokea tena alikuwa anajifuta mikono. Aliunganisha mipira ya upepo, akazungusha mpini mpaka miguu ya tela ikapanda, akarudi kwenye usukani. Alilivuta tela kidogo likiwa limefungwa breki, kama alivyofundishwa, kupima kama limeshika. Lilishika. Mkongwe alijua kuwa lingeshika. Huo ndio uliokuwa ulaghai wenyewe.

Honi ililia mara moja. Bi Mkubwa akaondoka.

Kutoka pale hadi getini ni kama hatua mia. Mkongwe aliona utamu ukimpanda kifuani, utamu mchafu, na hakuufukuza. Alianza kupanga maneno ya pole. Angemwambia kwamba gari lile lina tabia zake. Angemwambia kwamba hata mikate ni kazi ya heshima.

Kisha jicho lake zima likaona kitu cha bluu.

Mkewe alikuwa amesimama pembeni mwa tuta, hatua mbili kutoka njia ya magurudumu, ameinua chupa ya chai iliyoachwa nyumbani ili ampe mdogo wake kupitia dirishani.

Mkongwe aliruka. Kofia ilianguka dimbwini, naye akaikanyaga.

"Simamisha! Simamisha gari! Taya hazijafunga! Mke wangu, toka hapo! Toka!"

Mlinzi wa geti aliinua mikono yote miwili kama golikipa. Breki za upepo zilipiga chafya, na tairi la mbele likasimama karibu kabisa na tuta. Mkewe alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Msimamizi alitoka ofisini na kikombe mkononi. Fundi alizima kompresa akaja mbio.

Shemeji alishuka. "Kuna nini, shemeji?"

"Kufuli." Mkongwe alihema. "Mkono unaingia, lakini taya zinashika nusu. Huwezi kuona mpaka ukaribie. Ungelibwaga."

Shemeji alitoa tochi mfukoni, akaingia chini ya tela, akamulika. Fundi aliinama naye, akatazama kwa muda.

"Zimefunga," fundi alisema. "Zimefunga kabisa."

"Haiwezekani," alisema Mkongwe.

"Nilibisha hodi," shemeji alisema akitoka chini.

"Ulifanya nini?"

"Nilibisha hodi, kama ufanyavyo wewe. Mara mbili. Nikasikia tak, nikasema karibu." Alijikung'uta magoti. "Tulisafiri safari nne, shemeji. Wenzako walikuwa wanacheka. Mimi nilikuwa natazama. Kila ulipogonga ulizuia pumzi mpaka usikie ile tak. Mtu anayefanya mzaha hazuii pumzi."

Msimamizi alirudi ofisini bila haraka, akatoka na faili. Alifungua ukurasa, akaupitisha kidole.

"Kipengele cha kumi na moja. Kufuli la tela. 'Halina tatizo.' Hii sahihi ni ya nani?"

"Yangu," alisema Mkongwe.

"Basi umejuaje kuwa lina tatizo?"

Maji yalidondoka kutoka kwenye turubai la tela.

"Labda ameota," mlinzi alisema, akitaka kusaidia.

"Nilikuwa nimesimama hapa," mkewe Mkongwe alisema. Sauti yake haikupanda. Bado aliikumbatia chupa. "Hapa hapa."

"Sikujua ungekuja," mumewe alimwambia.

"Najua hukujua. Ndilo ninalolisema."

Shemeji alimsogelea Mkongwe. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na uso wa dereva anayesoma kipimo cha upepo, anayetaka namba na si maelezo.

"Nikuulize kitu kimoja, shemeji, kisha sitakuuliza tena. Ulinyanyuka kwenye benchi kabla ya kumwona dada, au baada?"

Angeweza kudanganya. Hakuna aliyekuwa ameweka saa. Lakini mkewe alikuwa akimtazama, na alikwisha kumdanganya mwanamke huyo mara nyingi kwa kunyamaza.

"Baada," alisema.

"Asante." Shemeji aliitikia kwa kichwa, kisha akaliegemea bati linalofunika gurudumu la Bi Mkubwa, kiganja wazi juu ya chuma, bila kufikiri, kama mtu anavyoshika kilicho chake. Hata wakati ule, mbele ya watu wote, na aibu ikiwa imemjaa mpaka shingoni, Mkongwe alitamani kuuondoa mkono ule.

Msimamizi alifunga faili. "Gari linaingia gereji sasa hivi. Springi mpya, leo hii. Na wewe, Mkongwe, upone usipone, huyu si wako tena."

Yaliyofuata yalikuwa haya. Fundi alibadilisha springi kwa saa moja na dakika arobaini, akaitupa ile ya zamani kwenye pipa la vyuma. Msimamizi aliandika barua ya kumwondoa Mkongwe kwenye ukufunzi na kumpeleka ghala la matairi. Mlinzi aliokota kofia, akaikamua, akaitundika kwenye msumari wa kibanda chake. Mkewe alimkabidhi mdogo wake chupa ya bluu, akarudi nyumbani kwa miguu, akahamisha nguo za mumewe na mto wake kuvipeleka chumba cha mbele, kilichobaki wazi mdogo wake akiwa safarini. Shemeji aliunga tela upya, akaugonga mkono wa kufuli mara mbili ingawa haikuhitajika tena, akavuka tuta saa tano kasoro dakika kumi. Mkongwe alisubiri mpaka mlio wa gari upotee. Kisha alienda kwenye pipa, akaitafuta springi ya zamani, akaifuta kwa shati, akaitia mfukoni, na kwenda kupanga matairi.