Faili la Afedra

Kabla ya muuguzi mkuu, Sista Paska, kuja, foleni ya kituo kile cha afya cha nje ya mji wa Inde ilikuwa ndefu kiasi kwamba mtu angeweza kuposa akiwa mkiani na kufika dirishani ana mjukuu. Hiyo ilikuwa ya wote. Lakini ndani ya foleni hiyo kulikuwa na nyingine isiyoonekana kwa macho. Karani wa zamani alikuuliza jina, kisha akauliza, "Kabila?" Ukijibu vibaya, daftari lako lilikwenda chini kabisa ya rundo, nawe ukakaa kwenye benchi hadi dirisha lifungwe.

Yasiri alikuwa anajibu vibaya tangu azaliwe. Mkakwa wa Abuku kule Koboko, Mwislamu, mtoto wa askari. Alikuja Inde kuuza vitunguu, akazeekea palepale juu ya magunia yake. Mara tatu alikwenda kituoni na presha yake, mara tatu akarudi nayo.

"Wewe iko mujinga," jirani yake Afedra alimwambia. "Sema wewe ni Afedra. Jina yangu si sabuni, haiwezi kuisha."

Afedra alikuwa Mlugbara wa hapohapo, mkulima wa muhogo mwenye nguvu za kuinua ng'ombe. Mwenyewe alidai ni wawili, mmoja kila mkono. Basi kwa miaka mitatu, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, jina la Afedra liliitwa, Yasiri akaitika, akapewa vidonge.

Kisha kichwa kikaanza kumuuma Afedra mwenyewe. Alikwenda kituoni, karani akafungua rejista. "Afedra? Si umechukua dawa Jumatano? Unataka kuuza?" Afedra hakumtaja Yasiri, akarudi nyumbani. Jioni alimsimulia Yasiri huku akicheka: "Leo wamenifukuza kwa sababu yako!" Yasiri naye akacheka. Mwezi ujao tutagawana, akasema. Mwezi ujao haukufika. Afedra alianguka shambani, na jembe likabaki limesimama kwenye udongo.

Kituoni wakapiga mstari juu ya jina lake. Kwa hiyo Yasiri naye akawa maiti. Alikaa miezi minne bila kidonge. Dunia ilimzunguka kila alipoinama, na mkono wake wa kushoto ulianza kufa ganzi hadi akawa anaangusha vitunguu mbele ya wateja.

Jumatano ile alikwenda kwa sababu alisikia mambo yamebadilika. Ilikuwa kweli. Getini alipewa namba, na aliyetangulia ndiye aliyetangulia kuonwa. Karani mpya hakuuliza kabila. Aliuliza, "Unataka uongeleshwe kwa lugha gani?" Yasiri akababaika kama aliyeulizwa tarehe ya kufa kwake.

Sista Paska akasimama mbele ya mabenchi. "Kuna watu hapa walichukua dawa kwa jina ya mwingine. Najua iko mingi. Kuna mama mmoja, rejista inasema alizaa mara tatu mwaka moja!" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Hakuna polisi. Lakini dawa inaagizwa kwa hesabu ya watu wenye wameandikwa. Kama jina yako haiko, kidonge yako pia haiko. Simama, useme, tukuandike."

Yasiri akashika ukingo wa benchi ainuke. Hapo ndipo alipomwona Driwaru, mjane wa Afedra na mama yake Annet, benchi la mbele, mguu wake umevimba, kitambaa cheusi kichwani. Akasita akiwa nusu ameinuka. Angewezaje kusema mbele ya mwanamke huyu kwamba dawa za mumewe zilikuwa tumboni mwake?

Alipotaka kuketi tena, namba yake ilidondoka kutoka mkono wa kushoto, na vidole havikujua kuiokota. Akaviangalia vikihangaika sakafuni kama vya mtu mwingine. Akasimama.

"Mimi ni Yasiri," akasema. "Miaka tatu nilichukua dawa kwa jina ya Afedra."

"Ee! Marehemu amefufuka!" Santo wa baiskeli alipiga kelele kutoka nyuma, kisha akamwona Driwaru, akainamisha kichwa.

Driwaru hakugeuka. "Nilijua," akasema. "Aliniambia siku ileile. Nilimwambia arudi aseme ukweli. Akasema, nikisema, wanamfukuza Yasiri. Miezi ine nangoja wewe uje kwangu. Nyumba yako na yangu, katikati iko miti mbili tu ya mapapai."

"Mama Annet, nilikuwa naogopa."

"Mimi sikuogopa? Nililala peke yangu."

Sista Paska akatoa faili jipya, akaandika jina la Yasiri, kisha akanyoosha mkono aliweke kando lile la zamani la Afedra.

"Ngoja," Driwaru akasema. "Hiyo inasema bwana yangu alikunywa dawa miaka tatu na bado akakufa. Ni uongo. Andika vizuri."

Sista akamtazama, akafungua faili la Afedra. Akaandika polepole, akasoma kwa Kilugbara, na Driwaru akataka asome tena: dawa zote alichukua mtu mwingine, Afedra aliomba mara moja akafukuzwa, hakupewa hata kidonge kimoja. Yasiri akatia sahihi chini kwa mkono wa kulia, ule uliokuwa bado unamtii.

Akapewa pakiti yake. Ilikuwa na jina lake, na hakujua ayaweke wapi macho.

"Kunywa hapa," Driwaru akamwambia. "Nione. Na usikose hata siku moja, Yasiri. Ukikosa, nitakuja mwenyewe nivuke hiyo mapapai."

Mtu akamletea kikombe cha maji. Akameza, mwanamke yule akimtazama kooni mpaka kidonge kiliposhuka.