Beseni Chini ya Televisheni

Saa kumi na mbili jioni ilipokaribia, Doña Eulalia alikunja zulia, akasukuma beseni la bati chini ya televisheni, akaweka na ndoo mbili pembeni kwa tahadhari. Ilikuwa Ijumaa, siku ya kipindi cha mwisho cha tamthilia, na mabomba ya Nogalitos yalikuwa hayajatoa tone tangu Pasaka. Nyumba zote za mtaa zilikuwa zikifanya hivyo hivyo. Kila Nereida, binti yake mwigizaji, alipolia kwenye tamthilia, machozi yake yalitoka chini ya kioo cha kila televisheni iliyowashwa na kuchuruzika hadi sakafuni. Mji ukiwa na kiu namna ile, kuyaacha yapotee kungekuwa ujinga.

Hayakunyweka, kwa sababu ya chumvi. Lakini yalifaa kuoshea vyombo na kupigia deki, na wanawake waliyachemshia maharage bila kutia chumvi nyingine. Ofisi ya maji ilikuwa imeacha kupokea malalamiko. Aliyepiga simu aliambiwa asubiri saa kumi na mbili.

Nereida mwenyewe alikuwa ameketi pale sebuleni kwao, viatu amevua, akijitazama kwenye matangazo ya sabuni. Alikuwa amewasili kutoka mji mkuu siku iliyotangulia, kwa ajili ya sherehe ya Perla ya kutimiza miaka kumi na mitano. Jirani yao, Doña Chayo, aliingiza kichwa dirishani.

"Nereida, mwanangu, leo ulie kwa moyo wote. Nina sahani za sherehe nzima ya mdogo wako, na sina maji ya kuzisuuzia."

"Nilishalia, Doña Chayo. Walirekodi zamani."

"Ulilia sana lakini?"

"Sana."

"Mungu akuzidishie. Jumanne ulitupunja, nilipata sufuria moja tu, tena haikujaa."

Perla alicheka. Alikuwa ameketi sakafuni mbele ya beseni, kichwa kimejaa vibanio, akisubiri. Mtaa mzima ulimwita mdogo wake Nereida, na wale wachache waliojua vingine walikuwa wameshazoea kutojua.

Nereida alimzaa Perla akiwa na miaka kumi na sita, katika chumba cha nyuma cha nyumba ile ile. Kijana aliyehusika alivuka kwenda Texas kuchuma pamba na hakusikika tena. Arobaini haijaisha, akaja bwana mmoja wa kampuni ya muziki, Bwana Urdiales, aliyemsikia Nereida kizingitini akimbembeleza mtoto kwa wimbo alioutunga mwenyewe. Wimbo ulimpendeza. Mtoto hakumpendeza. Alieleza hayo kwa upole, huku akila glorias za Doña Eulalia, zile peremende laini za maziwa ya mbuzi na kokwa ambazo mji ule unajivunia.

"Binti wa kupendwa na vijana wa nchi nzima hawezi kubeba mtoto begani, mama. Utanielewa."

Doña Eulalia alimwelewa. Yeye na mumewe, Don Abundio, walimwandikisha Perla kuwa mtoto wao. Kisha Doña Eulalia akachana shuka, akamfunga Nereida kifua, akakaza kwa goti ili maziwa yakate. Nereida alipopanda jukwaani Monterrey kwa mara ya kwanza, shuka ile ilikuwa bado ndani ya gauni, imelowa. Katika wimbo wa kubembelezea, neno "mtoto" liliondolewa likawekwa "mpenzi", ngoma zikaongezwa, na nchi nzima ikacheza. Zikafuata sahani za santuri, kumbi za Houston na San Antonio, kisha tamthilia, ambako iligundulika kwamba hakuna mwigizaji anayelia kama yeye. Katika hii ya mwisho aliigiza mama anayemtafuta binti yake aliyeibwa. Watu walimsifu. Walisema huyu anaigiza kama aliyezaa.

Sasa desturi ya pale ni kwamba msichana akitimiza miaka kumi na mitano, huingia kanisani akiwa kati ya baba na mama. Baba humvua viatu vya chini na kumvisha vya visigino, mama humvika taji. Vingine vyote vina wasimamizi wake: msimamizi wa keki, wa gauni, wa bendi. Perla alikuwa amemchagua Nereida awe msimamizi wa mwanasesere wa mwisho, yule ambaye msichana hupewa siku hiyo kuaga utoto.

Nereida alikuwa amefika jana yake na jambo moja tu moyoni, akalisema jikoni hata kabla ya kufungua sanduku.

"Mama, Jumamosi nisimame mimi."

"Usimame wapi?"

"Pale altareni. Taji nimvike mimi."

Doña Eulalia aliendelea kubangua kokwa. Alikuwa na dhiki zake: mbuzi walikuwa wamekauka maziwa kwa ukame, na hakuwahi kusikia sherehe ya Nogalitos isiyo na glorias.

"Na mimi nikae wapi? Surua nimeuguza mimi, jino la kwanza nimelitupa mimi juu ya paa. Leo nikae benchi la nyuma kama mpita njia?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Umesema. Na mtoto utamwambia nini, siku yake hiyo, watu wote wakimtazama? Na Urdiales atatufanya nini?" Akamsukumia bakuli. "Wewe ni msimamizi wa mwanasesere. Kakuchagua mwenyewe. Shika kokwa, ubangue."

Nereida alibangua. Lililomuuma zaidi ni kwamba mama yake hakuwa amesema uongo.

Lakini alikuwa na tumaini jingine, nalo lilikuwa ndani ya televisheni. Kwenye studio za kule waigizaji hawakariri maneno. Kila mmoja huwekwa kidude sikioni, na msomaji aliyejifungia chumba cha pili humnong'oneza sentensi, naye huirudia mbele ya kamera. Siku walipomrekodi akikutana na binti yake, msomaji Fidencio alimnong'oneza: "Rosenda, mwanangu, mimi ndiye mama yako." Nereida akasema, "Perla, mwanangu, mimi ndiye mama yako."

Walirudia. Akasema Perla. Walirudia mchana kutwa, mpaka Fidencio akapwelewa na sauti, na kila mara akasema Perla. Mwongozaji, mtu mwenye njaa, aliamuru neno hilo moja lije litiwe sauti ya mwanamke mwingine, wakaenda kula. Lakini mdomo wake kwenye picha ulibaki ukisema Perla.

Saa kumi na mbili na nusu tukio lenyewe likafika. Kwenye kioo, Nereida alipiga magoti. Mdomo wake ukafunguka kwa jina moja, na sauti ya mgeni ikatamka "Rosenda". Yaliyobaki yalikuwa sauti yake mwenyewe. Ndipo televisheni ikalia kidogo tumboni na kuanza kutoa.

Katika nyumba nyingine zote yalikuwa machozi. Doña Chayo alisikika kutoka ng'ambo ya barabara akishukuru kwa ndoo tatu. Kwa Doña Eulalia yalitoka maziwa. Yalikuja ya vuguvugu, yana povu ukingoni, yakajaza beseni na kuingia ndoo ya kwanza.

Perla alichovya kidole, akaonja. "Maziwa."

"Mazito," alisema Doña Eulalia. Alikuwa ameyatambua. Nereida alijua hivyo kwa sababu mama yake alimtazama kifua, kisha akatazama ukuta. Nereida akajigusa blauzi. Ilikuwa kavu.

"Mbona leo maziwa?" Perla aliuliza.

"Kipindi cha mwisho," alisema Doña Eulalia, akasogeza ndoo ya pili.

Perla aliridhika na hilo. Lakini alikuwa na la pili, akamgeukia Nereida.

"Dada, mdomo wako haukusema Rosenda."

Don Abundio, aliyekuwa akila kwenye kiti chake pembeni, aliacha kutafuna. Televisheni iliendelea kumimina. Nereida alifungua kinywa, na sentensi ilikuwa pale pale, aliwahi kuisema mchana kutwa mbele ya watu wenye njaa. Akasubiri. Sikioni mwake hapakuwa na mtu. Miaka yote ile kila neno alilolisema lilipitia sikioni kwanza, na sasa, alipolihitaji kuliko yote, hakuna aliyemnong'oneza.

"Ulimwitaje?" Perla aliuliza tena, taratibu zaidi.

"Mafundi wa sauti," alisema Nereida. "Wanakosea sana."

Doña Eulalia alimimina maziwa kwenye sufuria kubwa ya shaba, akatia sukari, akakoroga kwa mwiko mpaka yakawa kahawia. Zile kokwa zilikuwa tayari.

Jumamosi Nereida alikaa benchi la wasimamizi, kati ya msimamizi wa keki na wa bendi, mwanasesere mapajani. Mwanasesere alikuwa amevishwa gauni kama la Perla, hata vifungo. Don Abundio alipiga magoti kwa taabu akamvisha Perla viatu vya visigino. Doña Eulalia alimvika taji, akalia machozi ya kawaida ambayo hayakumfaa mtu. Nereida alipoitwa alisimama, akampa Perla mwanasesere, Perla akambusu shavu. Alirudi akakaa. Mapaja yalikuwa mepesi mno, hakujua aweke wapi mikono.

Ukumbini bendi ilipiga wimbo wake, ule wenye "mpenzi", na Perla akacheza dansi ya valsi na Don Abundio. Wageni walikubaliana kwamba glorias laini namna ile hazijawahi kuonekana Nogalitos. Doña Chayo alitia nyingine kwenye mkoba. Perla, aliyelelewa kwa maziwa ya kopo, alizila moja baada ya nyingine kama mtu asiyejua kushiba, mpaka Doña Eulalia akamfokea kuwa atachafua gauni.

Ya mwisho hakuila. Aliikunja kwenye karatasi yake, akavuka ukumbi kwa visigino asivyovizoea, akaja mezani kwa Nereida.

"Hii nimekuwekea, dada. Mama kazipika mwenyewe."

Nereida aliiweka kinywani. Perla alisimama mbele yake, taji limelala upande, akingoja jibu.

"Tamu?"

Nereida alinyoosha mkono akalinyoosha lile taji.

"Tamu," alisema, "mdogo wangu."